Asmini ya kukata tawi huku nyanda za juu: inakubali vizuri tu, ila sio mwezi wa saba

Mleta uzi pole kwanza. Kwa mnaopita bila kusoma juu, dada anaishi Mbeya mjini, shangazi yake kamletea matawi ya asmini kutoka Tanga, kayachomeka kwenye makopo mwezi wa saba, anamwagilia asubuhi na jioni, na yote yameanza kuwa meusi kutokea chini. Anasema sio mara ya kwanza, sasa anauliza je asmini haikubali huku au yeye ndo hana mkono wa kupanda. Na mdau mmoja hapo juu kashamjibu kwamba asmini ni ya pwani asijisumbue, anunue waridi.

Mkuu mimi na wewe hatutaelewana hapo. Niko Uyole, asmini ninazo nyumbani, miche naotesha mwenyewe kwa kukata matawi na nauza pale pale getini, na wateja wangu wengi ni wa Mbeya hii hii na Iringa, wengine wanapeleka Mafinga. Inakubali vizuri tu. Kinachogoma ni ule utaratibu wa pwani kuubeba mzima mzima na kuuleta huku. Tanga ukivunja tawi la asmini ukalichomeka nyuma ya bafu ukalisahau linaweza kuota lenyewe, udongo wa kule ni wa moto mwaka mzima. Huku udongo wa Julai ukiushika asubuhi vidole vinakufa ganzi, na tawi nalo linaganda hivyo hivyo.

Dada, tuanze na swali ambalo watu wanaliruka, ni asmini gani uliyonayo? Maana jina moja lina mimea mingi nyuma yake, kila mmoja na tabia zake. Ya pwani, ile ya kutengenezea vikuba (vile vishada vya maua ya kunukia), ya kupamba bibi harusi, ina jani zima moja moja, duara kiasi, la kijani lenye kung'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana kwenye tawi, mara nyingine matatu. Ua ni jeupe, nene, na likizeeka linaelekea rangi ya zambarau hafifu. Wataalamu wanaiita Jasminum sambac. Hii asili yake Asia ya kusini na inapenda joto kweli kweli, Wafilipino wameifanya ua lao la taifa tangu 1934 na Waindonesia nao baadaye wakaifanya moja ya maua yao ya taifa, sasa linganisha hali ya hewa ya Manila na ya Uyole utaelewa tunazungumzia nini.

Ya pili ndo ile unayoiona imeparamia kuta na maukumbi ya nyumba za zamani, jani lake limegawanyika vijani vitano mpaka saba, na vichipukizi vya maua kwa nje vina rangi ya pinki kabla havijafunguka. Hiyo ni Jasminum polyanthum, asili yake China, na hii baridi yetu kwake ni raha, inahitaji zile usiku za baridi ndo ifunge maua. Ukiwa nayo hii usihangaike sana, inaota kirahisi. Ipo pia ya njano, maua makubwa makubwa, haina harufu ya maana, kila tawi linapogusa chini linaota mizizi lenyewe, watu wanaipanda kama uzio. Kama umeuziwa hiyo ukaambiwa itanukia, basi umepigwa.

Halafu kuna mbili ambazo sio asmini kabisa ila zinauzwa kwa jina hilo. Moja ukiikata inatoa utomvu mweupe mzito na maua yake petali zimejipinda upande mmoja, hiyo ni ya ukoo mwingine, asmini ya kweli haitoi maziwa. Nyingine ni ile inayoitwa malkia wa usiku, kichaka kirefu chenye maua membamba ya kijani kibichi kuelekea nyeupe yananukia usiku mpaka unafunga dirisha. Hiyo iko ukoo wa mnavu na nyanya, na vitunda vyake ni sumu, kwa hiyo wenye watoto wadogo na mbuzi wa kufungia uani muwe makini. Sisemi msiipande, nasema mjue mnachopanda.

Kwa maelezo yako na kwa kuwa imetoka Tanga kwa shangazi, naamini yako ni ile ya kwanza, ya vikuba. Kwa hiyo nitaongelea hiyo, ndo inayosumbua huku.

Na kwa nini watu tunahangaika na matawi badala ya mbegu? Kwa sababu hii asmini tunayofuga majumbani haizai mbegu, au inazaa kwa nadra mno. Imekuwa ikipitishwa mkono kwa mkono kwa kukatwa tangu enzi na enzi. Kwa hiyo ukiona mtu anauza pakiti ya mbegu za asmini ya kuvika bibi harusi, pita, usisimame hata kuuliza bei.

Sasa tuje kwenye kilichoyaua matawi yako, nisikilize vizuri hapa maana ndo penyewe. Tawi ukilikata lina kidonda chini na majani juu. Majani yanapoteza maji kila saa na hakuna mizizi ya kuyarudisha, kidonda kinatakiwa kijifunge halafu kitoe mizizi, na hiyo kazi ya kutoa mizizi inahitaji joto, udongo wa nyuzi 21 mpaka 25 hivi ndo inaenda vizuri. Hapa mjini usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10 kirahisi kabisa, Njombe na Makete ndo usiseme. Kwa hiyo tawi limekaa tu, halifi wala halifanyi kazi, na wewe unamwagilia asubuhi na jioni kwa huruma. Udongo umekuwa wa baridi na umeloa, na kuna fangasi wanaopenda hali hiyo hiyo, wanaingia kwenye kidonda ambacho hakijafunga, wanapanda juu, ndo huo weusi unaouona. Sio mkono wako dada. Ungeyachomeka yale yale mwezi wa kumi na mbili ukapunguza maji nusu, leo ungekuwa unauliza lini yatatoa maua.

Msimu basi. Kwa Mbeya mjini, Mbalizi, Uyole, mimi naanza mvua zinapokuwa zimeshaingia vizuri, Novemba mwishoni, naendelea mpaka Machi. Siku zina joto la kutosha, hewa ina unyevu, na mmea mama unakuwa umetoa matawi mapya yaliyokomaa kiasi. Iringa mjini mna afadhali ya jua, ila hewa yenu ni kavu na upepo unakausha jani, nyie funikeni vizuri. Makambako upepo huo huo mara mbili. Tukuyu kinyume, mvua zenu zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, hapo kazi kubwa ni kuyakinga makopo yasinyeshewe, yaweke chini ya paa penye mwanga. Ndugu zangu wa Kyela nyie mko chini kule ziwani, joto mnalo, chomekeni tu mkaendelee na mambo yenu.

Tawi la kukata. Usichukue lile laini la kijani kibichi la juu kabisa, hilo linaoza, na usichukue gogo la kahawia la chini, hilo litakukalisha miezi. Unataka la katikati, lililotoka msimu huu huu, limeanza kukaza, ukilikunja kidogo linakataa halafu linarudi, na ukilizidisha linakatika kwa mlio. Unene milimita 4 hivi inatosha. Liwe halina maua, na kama lina vichipukizi vya maua vitoe vyote kwa ukucha, hapo najua inauma maana ndo uliyopendea, lakini ua linakula akiba yote ya tawi na mwisho unakosa vyote viwili. Kata asubuhi mapema, tawi likiwa limejaa maji. Mama awe ameshiba pia, kama anaonekana amesinyaa mwagilia jana yake.

Urefu sentimita 10 mpaka 15, vifundo vitatu au vinne, kifundo ni pale jani linapotokea. Kata kwa wembe mpya au kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, sio mkasi wa jikoni unaobana, ule unaponda nyama ya tawi na palipopondeka ndo panapoozea. Ukate chini kidogo tu ya kifundo, maana mizizi mingi inatokea pale kwenye kifundo. Majani ya chini toa yote. Juu acha mawili, na kama ni mapana yakate nusu kwa upana, jani nusu linapoteza maji nusu ila bado linapika chakula. Kuna watu wanatoa majani yote wakidhani wanasaidia. Hapana, acha hayo mawili nusu nusu.

Udongo. Hapa nyanda za juu tuna bahati ambayo watu hawaioni. Usitumie udongo mweusi wa bustani peke yake na usitie samadi hata kidogo kwa hatua hii, tawi lisilo na mizizi halina mdomo wa kulia samadi, unawalisha fangasi tu. Mimi natumia mchanga wa mtoni ulioshwa mpaka maji yakatoka meupe, nusu, na nusu nyingine maganda ya mpunga yaliyochomwa. Maganda yanapatikana bure au kwa pesa ya soda kwenye mashine za kukoboa, ukienda Igurusi au Ubaruku yamejaa milima, na hata mjini mashine zipo. Kuyachoma kuna namna yake, unachukua kopo la rangi la bati unalitoboa matundu pembeni, unawasha moto mdogo ndani yake, unalifukia na maganda kwa nje yakilizunguka, moto unatambaa taratibu kutoka ndani kwenda nje na wewe unageuza kwa koleo. Yakishakuwa meusi yote, kabla hayajaanza kuwa meupe, mwagia maji yazime. Yakiwa meupe yameshakuwa jivu na jivu silitaki, nitasema kwa nini huko mbele. Yale meusi ni mepesi, yanashika unyevu, yanapitisha hewa, na kwa kuwa yamepita motoni hayana wadudu wala mbegu za magugu.

Wa Uyole na huko Inyala mnaweza pia kuokota vile vijiwe vyepesi vya volkano vyenye matundu, ukiviponda vikawa saizi ya punje ya mahindi ukachanganya na mchanga vinafanya kazi nzuri mno, watu mijini wanaagiza vitu vya namna hiyo kwa hela na sisi tunavipiga teke njiani. Maranda ya Mafinga mabichi sishauri, yakiwa yameoza mwaka mzima sawa. Mchanganyiko wowote utakaotumia, mwagia maji yanayochemka, acha upoe ndo upande.

Kopo liwe na matundu ya kutosha chini. Mwagilia mchanganyiko kwanza, acha maji ya ziada yatoke, halafu toboa shimo kwa kijiti. Usilichomeke tawi kwa nguvu maana linachubuka pale kwenye kidonda. Zamisha vifundo viwili, bana udongo kwa vidole viwili mpaka tawi lisimame lenyewe ukiligusa. Basi. Usimwagilie tena siku hiyo.

Sasa kufunika, hapa ndo pana siri ya jambo lote. Unyevu unaotaka uwe juu kwenye majani, sio chini kwenye udongo. Zamani tulikuwa tunafunika na rambo, ile mifuko ya plastiki, toka Juni 2019 zilipopigwa marufuku mimi nilihamia kwenye chupa za maji, ya lita moja na nusu inakatwa kitako inafunika kopo moja, ile kubwa ya lita 6 inafunika makopo matatu manne ukiyabananisha. Kifuniko cha chupa ndo dirisha lako, asubuhi ukiona ndani matone yanachuruzika sana, fungua kifuniko kwa muda wa saa moja au mbili hewa iingie halafu funga. Ukiona ukungu mwembamba tu kwenye plastiki, hali ni nzuri, achana nayo. Ukiona plastiki kavu kabisa, ndo umwagilie, na uweke kidogo. Kwa mtindo huu unaweza kukaa zaidi ya wiki bila kushika maji, na najua wewe utasikia kuwashwa mkono lakini jizuie.

Weka mahali penye mwanga mwingi lakini jua lisilipige moja kwa moja, jua la saa saba likiingia kwenye chupa tawi linaiva kama mchicha, huku kwetu baridi ni ya hewa lakini jua la mlimani ni kali. Chini ya mti wenye majani machache, au barazani upande wa mashariki unaopata jua la asubuhi kidogo. Makopo yasikae kwenye udongo au kwenye sakafu ya simenti inayolala baridi, yainue kwenye ubao.

Kama huwezi kusubiri msimu, au uko Njombe ambako msimu wenyewe una baridi, basi tengeneza joto la chini. Wazee wa vitalu wanafanya hivi: sanduku la mbao au pipa lililokatwa, jaza samadi mbichi ya ng'ombe au kuku iliyochanganywa na nyasi kavu au maranda, iwe na unyevu, ishindilie kina cha kama sentimita 30. Baada ya siku chache inapanda moto, ukizamisha mkono unautoa mwenyewe. Subiri huo moto wa kwanza upungue ubaki uvuguvugu, juu yake mwaga mchanga sentimita 10, kisha zamisha makopo kwenye huo mchanga yasiguse samadi. Inatoa joto kwa wiki kadhaa. Kama ni samadi ya kuku usiifunike pamoja na miche, ile harufu inayokufanya utoe machozi inaunguza majani pia, funika kila kopo na chupa yake na juu ya sanduku acha wazi. Ambaye haya yote yanamchosha, ukuta wa jiko upande wa nje, pale moto wa kuni unapopiga kwa ndani kila siku, nao unasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu dawa ya mizizi. Ile poda ya homoni kwenye maduka ya pembejeo inafanya kazi, sio uongo, chovya kidonda kikiwa kibichi, kung'uta iliyozidi, chomeka. Inafanya mizizi itoke mingi kwa pamoja. Ila asmini hii inaota bila hiyo poda ukiwa na joto, na haioti na poda ukiwa na baridi, kwa hiyo kama una elfu kadhaa za kuchagua, chupa na maganda ya mpunga kwanza. Asali niliona mdau kaitaja, asali haina homoni ya mizizi, inachofanya ni kuzuia vijidudu kwenye kidonda, haina madhara lakini huku inaita sisimizi. Kuchomeka tawi kwenye kiazi mviringo ndo sitaki hata kusikia, kiazi kinaoza na kinaondoka na tawi.

Kwenye glasi ya maji je? Inawezekana, hasa ile ya vijani vingi. Lakini mizizi ya majini ni minene, laini, inavunjika ukiitia kwenye udongo na mmea unaanza upya. Kama unapenda kuangalia mizizi ikitoka weka, ni burudani, ila mimi kwa kuuza siwezi.

Kusubiri sasa. Msimu wa joto wiki nne mpaka sita, kwenye ubaridi nane, kumi na kuendelea. Na hapa nataka niwaambie kitu ambacho kinawaangusha wengi: jani jipya sio mzizi. Tawi linaweza kuchipua vijani viwili vya kijani vizuri kabisa kwa akiba yake lenyewe huku chini pakiwa hapana kitu, watu wanafurahi, wanaondoa chupa, wanahamishia juani, siku tatu limekauka, halafu wanakuja humu kusema asmini ina mashetani. Usivute tawi kujaribu kila siku, kile kimzizi cha kwanza ni chepesi, kinakatika. Angalia matundu ya chini ya kopo. Ukiona ncha nyeupe zinachungulia pale, imeshika. Kama unatumia chupa iliyokatwa kama kopo, yaani inayoonyesha ndani, ni rahisi zaidi, ila izungushie karatasi nyeusi kwa nje kwa sababu mizizi haipendi mwanga, unafunua unatazama unarudishia.

Ukiona weusi unaanza chini, usisubiri. Toa, kata juu ya weusi mpaka ukutane na nyama ya kijani safi, futa wembe, chomeka upya kwenye mchanganyiko mwingine, ule wa kwanza mwaga. Ukiona jani linanyauka juu lakini shina ni la kijani, hiyo ni hewa kavu, chupa yako inavuja. Majani ya zamani yakigeuka njano yakaanguka yenyewe sio msiba, yaokote tu yasiozee ndani.

Ikishashika usiinyang'anye chupa kwa siku moja. Toa kifuniko kidogo kwanza, siku chache baadaye inua chupa kwa kijiti, kisha itoe usiku, mwisho moja kwa moja. Ndo uhamishie kwenye kiriba (kile kimfuko cha kuoteshea miche) au kopo kubwa kidogo, hapo sasa ndo udongo wa msituni au mboji iliyooza vizuri unaruhusiwa, na mchanga ndani yake. Jivu usiweke. Najua huku tunatia jivu kwenye kila kitu, kwenye vitunguu, kwenye migomba, lakini asmini inapenda udongo wenye tindikali kidogo na jivu linapeleka upande wa chokaa, baadaye unaona majani ni ya njano na mishipa imebaki ya kijani, unaongeza mbolea, njano inazidi. Ikifika vifundo vinne vitano bana ncha kwa kucha itoe matawi pembeni, maana ua linakuja kwenye ncha za matawi mapya, matawi mengi ndo maua mengi. Kwa sababu hiyo hiyo kila baada ya kutoa maua punguza. Jua la kutosha, masaa sita kwa siku au zaidi. Ukizidisha urea utapata uzio wa kijani na huna hata ua moja.

Hii ya pwani huku ipande kwenye chungu au ndoo, ninawaambia wateja wote. Mwezi wa tano mwishoni isogeze ukutani au ndani dirishani, punguza maji, iache ipumzike, itaonekana imechoka na haitatoa kitu. Septemba joto likirudi itoe, ipunguze, itachanua. Maua yanafunguka usiku, kwa wanaotaka ya kikuba chuma vichipukizi vilivyojaa jioni kabla havijafunguka, vitafunguka vyenyewe kwenye sahani. Na jamani usiku wa baridi harufu haiendi mbali, msije mkaniambia nimewauzia feki, subirini usiku wa joto wa Oktoba.

Wadudu ni vidukari kwenye ncha na ule unga mweupe kama pamba kwenye mapeto ya majani. Maji ya sabuni ya kipande, nyunyiza jioni, rudia baada ya wiki. Inatosha.

Sasa wewe dada na hali yako ya leo, Agosti. Hayo yaliyobaki kama yana kijani juu, kata upya kama nilivyosema, jaribu sanduku la samadi, ukipata moja shukuru. Lakini usimsumbue shangazi akutumie matawi mengine saa hizi, safari ya basi kutoka Tanga mpaka huku ni kutwa nzima na zaidi, tawi linafika limechoka na linakutana na baridi. Mpigie umwombe kitu kingine kabisa. Aende kwenye mti wake, atafute tawi la chini linaloinama, achukue kopo lenye udongo wa mchanga alizike nusu chini ya hilo tawi, kwenye kifundo kimoja upande wa chini akwangue gome kidogo tu kwa kisu, akilaze hicho kifundo ndani ya kopo, afukie sentimita 5, aweke jiwe juu lisichomoke, ncha ibaki nje amefunga kwenye kijiti. Asilikate. Linaendelea kunyonya kwa mama yake huku linatoa mizizi yake, hakuna kunyauka hakuna kuoza, na kwa joto la Tanga miezi miwili mitatu limeshika. Afanye makopo matatu kwa wakati mmoja, huwezi jua. Likishika akate upande wa mama, aliache hapo hapo wiki mbili lijizoeze, halafu ndo alitume.

Hesabu inaangukia Novemba, ambapo na huku kutakuwa kumeshapata joto. Amwagilie siku moja kabla ya safari sio siku ile, afunge juu ya kopo na gazeti lililozungushiwa kamba udongo usimwagike, na kondakta aambiwe liwekwe juu kwenye abiria, sio kwenye buti la chini karibu na injini. Likifika usilihamishe wala usilitoe juani, likae kwenye kopo lile lile barazani wiki mbili. Na kabla ya yote hayo nipigie picha ya jani uiweke hapa, mbele na nyuma, tuhakikishe kama ni yenyewe.